Lenovo Haikuacha Lugha Yake Nyumbani

Muhula uliopita, katika semina ya tafsiri, tulijadili kama mwanafunzi wa kitivo chetu aruhusiwe kuandika kazi yake ya kumaliza masomo kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja alisimama akatoa mfano uliowapendeza wengi. Alisema: tazameni kampuni ya Lenovo. Wachina waliponunua kompyuta za IBM, waliweka Kiingereza kuwa lugha ya kampuni nzima. Kama wao, pamoja na wingi wao wote, wamekubali kuweka lugha yao pembeni ili wauze duniani, sisi tunang'ang'ania Kiswahili kwa faida gani? Ukumbi ulipiga makofi. Mwalimu akaniuliza kama nilikuwa na la kujibu, maana mimi ndiye niliyeleta pendekezo. Sikuwa nalo.

Nilitumia likizo yote kusoma habari za kampuni hiyo. Sasa ninalo jibu, nami naomba kulitoa hapa mbele ya wenzangu na walimu wetu. Mfano wa Lenovo ni mzuri, na aliyoyasema mwenzetu ni kweli. Ila aliuanzia katikati. Mwanzo wake unaonyesha kinyume cha alichotaka kutuonyesha.

Mwaka 1984, mjini Beijing, watafiti 11 wa Taasisi ya Teknolojia ya Kompyuta, iliyo chini ya Akademia ya Sayansi ya China, walipewa yuan 200,000 waanzishe biashara. Miongoni mwao alikuwa Liu Chuanzhi, ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wao. Ofisi yao ilikuwa nyumba ndogo ya mlinzi, langoni pa taasisi. Wakati huo hawakuwa na kompyuta ya kwao ya kuuza. Waliuza mashini za wageni, na biashara ya namna hiyo wangeweza kuifanya watu wengine wengi.

Kilichowatoa katika kundi la wachuuzi ni kitu kidogo cha kuchomeka ndani ya kompyuta: kadi ya herufi za Kichina, iliyobuniwa na mhandisi Ni Guangnan. Sisi tunaosoma isimu tunaweza kuelewa haraka ugumu uliokuwapo. Kichina huandikwa kwa maelfu ya herufi, na kibodi ina vitufe vichache tu. Mashini zilizotoka Marekani zilitengenezwa kwa ajili ya alfabeti ya Kilatini. Mchina aliyenunua kompyuta ya bei kubwa alikuwa amenunua kitu kisichoweza kuandika hata barua kwa mama yake. Kadi ya Ni Guangnan iliiwezesha mashini ya kigeni kuandika Kichina. Zaidi ya hapo, ukishaandika herufi moja, ilikupendekezea herufi zinazozoea kufuatana nayo, jinsi simu zetu leo zinavyotubashiria neno linalokuja. Uwezo huo waliuita lianxiang, yaani kuhusianisha wazo na wazo. Neno hilo ndilo likawa jina la kampuni. Mpaka leo, nchini China, Lenovo huitwa Lianxiang.

Naomba tusimame hapo kidogo. Kampuni iliyokuja kuuza kompyuta nyingi kuliko nyingine zote duniani ilianza kwa kutatua tatizo la lugha. Hata jina lake la Kichina linatokana na namna maneno yanavyoandamana katika sentensi. Walichoongeza juu ya mashini ya mgeni ni lugha yao wenyewe, na ndicho wateja walichokuwa wanakilipia. Kompyuta yenye jina lao wenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1990.

Sasa nitoke Beijing nije kwetu. Nilipomaliza kuandika kazi yangu ya mwaka wa tatu kwa mkono, niliipeleka kuchapwa kwenye sekretariati moja karibu na chuo. Sehemu ya mifano ilikuwa kwa Kiswahili. Dada aliyekuwa akichapa alisimamisha mikono, akanionyesha kioo. Kila mstari wa Kiswahili ulikuwa umepigwa wino mwekundu kwa chini. Akaniambia: «Yaya, hii mashini haijuwe Kiswahili. Inajuwaka tu Kifaransa.» Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba mvua inanyesha. Kisha akaniuliza kama ningependa sehemu hiyo niitoe, ili ukurasa uwe safi.

Sentensi yake imekaa kichwani mwangu. Ndani yake mna kile kiambishi cha mazoea, -ak-, ambacho walimu wetu wametufundisha kukieleza kwa kurasa nyingi. Mashini ingekipigia nacho mstari mwekundu. Dada yule anajua sarufi ya lugha yake vizuri kuliko mashini anayolipwa kwa kuitumia, na bado yeye ndiye anayeona kwamba kosa ni la lugha. Hapo ndipo tofauti yetu na watafiti wa lile lango la Beijing ilipo. Wao walipoona mashini haijui Kichina, walisema mashini ina upungufu. Sisi tunaposoma ule wino mwekundu, tunasema upungufu ni wetu.

Tuendelee sasa na sehemu ambayo mwenzetu aliisimulia. Mapema katika miaka ya 1990 China ilipunguza ushuru wa kompyuta kutoka nje, na kampuni za Marekani zikamiminika. Mwaka 1994 Liu Chuanzhi alimkabidhi idara ya kompyuta kijana Yang Yuanqing, ambaye alikuwa hajafika miaka 30. Yang alishusha bei na kupanga upya namna ya kuuza. Kabla miaka ya 1990 haijaisha, kampuni yake ilikuwa ya kwanza katika soko la China. Ndipo wakatazama nje.

Walipotazama nje walikutana na lugha tena. Huko nje walikuwa wakijiita Legend, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kusajiliwa na watu wengine katika nchi nyingi. Mwaka 2003 waliunda jina jipya: Le kutoka Legend, na novo kutoka Kilatini, yenye maana ya upya. Hawakulitupa Lianxiang. Walilibakiza kwa watu wao, wakatengeneza la pili kwa ajili ya wageni. Mtu mwenye majina mawili, moja la nyumbani na moja la shuleni, si jambo geni kwetu Kongo. Hakuna anayesema kwamba amelikana la nyumbani.

Desemba 2004 walitangaza kwamba watanunua idara ya kompyuta ndogo ya IBM, na mapatano yakakamilika Mei 2005. Bei ilihesabiwa kuwa dola bilioni 1.75: dola milioni 650 taslimu, milioni 600 kwa hisa, na milioni 500 za madeni waliyoyachukua. Idara waliyoinunua ilikuwa na mauzo makubwa mara kadhaa kuliko yao. Walihifadhi jina la ThinkPad, kwa sababu wateja walikuwa wanaliamini. Stephen Ward, aliyetoka IBM, akawa mkurugenzi mkuu, na Yang akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Kiingereza kikawa lugha rasmi ya kampuni. Yang, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, alihama na familia yake kwenda North Carolina kujifunza lugha hiyo na desturi za huko.

Kwa hiyo, ndiyo, walijifunza Kiingereza. Lakini tazama walikuwa wamesimama wapi walipoanza. Walikuwa na soko lao nyumbani. Walikuwa na mashini zilizoandika Kichina. Wahandisi wao walikuwa wamefikiri, wamebishana na kuandika kwa Kichina kwa miaka 20. Kiingereza kilikuja kukaa juu ya msingi uliokwisha kukauka. Mwenzetu anatushauri tuweke paa, kisha tubomoe msingi kwa sababu jirani mwenye paa zuri hasemi sana habari za msingi wake.

Tena, kuweka lugha moja rasmi hakukumaliza kazi. Gina Qiao, aliyeongoza idara ya wafanyakazi, na Yolanda Conyers, Mmarekani mweusi aliyehamia Beijing kushughulikia masuala ya tamaduni kazini, waliandika pamoja kitabu juu ya miaka hiyo, The Lenovo Way, kilichotoka mwaka 2014. Ukifuatilia habari za miaka ile, jambo linalorudi mara kwa mara ni ukimya. Katika mikutano ya simu, Wamarekani walisema, na Wachina walinyamaza. Wamarekani waliuchukua ukimya kuwa ni kukubali. Baadaye kazi ilikwama, kwa sababu kunyamaza kwa Wachina kulikuwa na maana nyingine: adabu mbele ya mkubwa, au mashaka, au kwamba mtu bado anatafsiri sentensi ya kwanza kichwani mwake na wenzake wamefika ya tano. Ilibidi watu wafundishwe kungoja, kuuliza, na kusikiliza kisichosemwa. Hiyo ni pragmatiki, wenzangu. Ni lile somo ambalo wengi wetu huliita la kujazia maksi.

Kisha mambo yaliharibika. Katika mwaka wa hesabu ulioisha Machi 2009, kampuni ilipata hasara ya dola milioni 226. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Mmarekani William Amelio, aliondoka. Liu Chuanzhi akarudi kuwa mwenyekiti, na Yang akashika ukurugenzi. Mkakati waliotangaza ulikuwa na vitenzi viwili: kulinda na kushambulia. Kulinda China na wateja wakubwa wa makampuni. Kushambulia masoko yanayokua na wateja wa kawaida. Nyumbani kulikuja kwanza. Faida ya nyumbani ndiyo iliyolipa safari ya nje.

Na walivyokwenda nje, walikwenda kwa jina la kila mahali. Japani, mwaka 2011, waliungana na NEC, na jina la NEC likabaki kwenye kompyuta zake. Ujerumani, mwaka huohuo, waliinunua Medion, na jina likabaki. Mwaka 2014 waliinunua Motorola Mobility kutoka Google, nalo jina la Motorola linaonekana kwenye simu hadi leo. Mwaka 2013 walikuwa wameshafika nafasi ya kwanza duniani kwa idadi ya kompyuta zilizouzwa. Hawakuzikuta nchi hizo na kuzilazimisha zote ziseme namna moja. Sisemi walifanya hivyo kwa upendo. Ni wafanyabiashara, na walijua kwamba mtu hununua kwa moyo mwepesi kitu kinachomwita kwa jina analolijua.

Najua nitaambiwa nimeipamba Lenovo. Sina nia hiyo. Tangu mwanzo kampuni imelelewa chini ya mbawa za taasisi ya serikali, na soko lililo nyuma yake ni kubwa ajabu. Hivyo viwili sisi hatuna. Ni Guangnan, yule aliyebuni kadi, alitaka kampuni iwekeze katika kubuni vipande vya ndani vya kompyuta. Liu akachagua biashara kwanza. Wakagombana, na mwaka 1995 Ni akaondolewa. Hata leo ubongo wa kompyuta nyingi za Lenovo hutoka Intel au AMD, na Windows ni ya Microsoft. Mwaka 2015 kampuni ilikiri aibu nyingine: baadhi ya kompyuta zake zilikuwa zimeuzwa zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish, iliyodhoofisha usalama wa mtumiaji kwenye intaneti. Wenye mashaka juu yake wana sababu. Ninachosema ni kimoja tu: kama ni mfano wa lugha tunaoutafuta, tuuchukue wote, na mwanzo wake pia.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Kongo kuliko wengine. Betri za kompyuta nyingi za kubebeka zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika ardhi yetu, Lualaba na Haut-Katanga. Baadhi yetu tunaosoma hapa tumelelewa kwa mshahara wa mgodi, au kwa jasho la baba anayechimba kwa mikono. Siwezi kujua kama betri iliyomo katika mashini ya yule dada ina udongo wa Kolwezi. Lakini kwa jumla ni sawa kusema kwamba ardhi yetu imekwisha kuingia ndani ya kompyuta za dunia. Kinachobaki mlangoni ni lugha yetu. Tunaitoa kobalti ikiwa ghafi, na mashini inaturudia ikiwa inajua Kifaransa. Wanauchumi watatuambia la kufanya juu ya jambo la kwanza. La pili ni kazi ya nani, kama si ya kitivo cha lugha?

Wala hatuanzii jangwani. Mwaka 2004, mwaka uleule ambao Lenovo ilitangaza kununua kompyuta za IBM, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanatafsiri programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice. Kundi dogo la watu liliketi na kuamua neno la kila kitufe na kila amri. Hawakungoja kuwa na soko la Wachina. Na sisi hatuko mbali nao tena: tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zetu nne za taifa. Lakini maneno yaliyoamuliwa Dar es Salaam si lazima yawe yale yanayosemwa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani. Huku kwetu kompyuta ni mashini. Nani ameyakusanya maneno yetu? Nani ameyaandika pembeni ya yale ya Dar na kuyapima?

Kwa hiyo narudi na pendekezo langu la muhula uliopita, ila sasa nimelipanga vizuri zaidi. Kwanza, kila kazi ya kumaliza masomo katika kitivo chetu, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, iwe na muhtasari wa kurasa tatu kwa moja ya lugha zetu nne za taifa. Anayeandika juu ya Kiswahili aruhusiwe kuiandika kazi yote kwa Kiswahili, mradi msimamizi wake akubali. Pili, wanafunzi wa mwaka wa pili wapewe kazi ya kwenda kwenye sekretariati na maduka ya simu, kuandika maneno ambayo watu wanayatumia kweli kwa vitu na vitendo vya kompyuta. Katika miaka mitatu tutakuwa na msamiati ambao hakuna mwingine anao. Tatu, somo la tafsiri lisiishie kwenye shairi na hotuba. Lifundishe pia kutafsiri programu, mahali ambapo neno lina nafasi ya herufi kumi tu, na likikosewa mtu hufuta barua yake badala ya kuihifadhi.

Sipendekezi tuache Kifaransa, wala tukikimbie Kiingereza. Yang Yuanqing alikuwa mtu mzima, tajiri na mkubwa wa kampuni, akakubali kuwa mwanafunzi wa lugha mbele ya watu waliokuwa chini yake. Nisome mfano huo, niwe mvivu wa Kiingereza? Hapana. Lakini alijifunza Kiingereza kama mtu anayeongeza nyumba ya pili. Ninachokikataa ni kujifunza kama mtu ambaye nyumba yake ya kwanza imeungua.

Mwenzangu wa semina, ninakushukuru, kwa sababu bila mfano wako nisingesoma haya. Nimesikia kwamba unapanga kuandika kazi yako ya mwisho juu ya lugha katika makampuni ya nje, na utaiandika kwa Kiingereza. Ni sawa. Nakuomba tu kurasa tatu za muhtasari, kwa Kiswahili, hata kabla kanuni haijabadilishwa. Tutakwenda pamoja kuzichapisha kwa dada yule, naye atatuuliza kama tungependa kuzitoa ili kazi iwe safi. Safari hii nataka tuwe wawili wa kumwambia aziache.